TUMESHITAKIWA VYA KUTOSHA, SASA NA SISI TUSHITAKI!

Na Mwandishi Wetu

MWULIZE kijana yeyote aliyezaliwa Ngara au Biharamulo akueleze mahakama ni kitu gani. Atakueleza kizimba. Atakueleza pingu, karandinga, mahabusu iliyojaa mpaka mlangoni, na karani anayesoma kwa sauti kavu: "Jamhuri dhidi ya fulani bin fulani." Huyo fulani ni baba yake, au kaka yake, au yeye mwenyewe. Kosa lake? Ameingiza ng'ombe hifadhini. Amekutwa njiani hana kitambulisho, kwa hiyo ni Mrundi. Amelima pale alipolima babu yake, lakini ramani ya bwana mkubwa inasema ni pori la serikali.

Mahakama tunaijua, tena sana. Lakini tunaijua kwa mlango mmoja tu, mlango wa kuburuzwa. Jengo lile lina mlango wa pili ambao watu wetu wengi hawajawahi kuupita. Ukiingia kwa mlango huo majina hugeuka. Karani hasomi tena "Jamhuri dhidi ya fulani." Anasoma "Fulani dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali." Mlalahoi yuko mbele, dola iko nyuma, na dola ndiyo inayotakiwa kujibu!

Ndiyo maana ya kufungua kesi. Si ugomvi, si roho mbaya, wala si mambo ya wenye hela. Ni kumlazimisha mwenye nguvu ajibu kwa maandishi, mbele ya watu, swali ambalo barabarani alikujibu kwa kibao. Na makala haya yanasema jambo moja: watawala wanatufanyia wanavyotaka kwa sababu wana hakika hatutaupita mlango huo.

MWAKA 2013 HATUJAUSAHAU

Turudi nyuma kidogo. Julai 2013 Rais Kikwete alikuwa ziarani Kagera. Akatangaza kwamba wahamiaji haramu wote wapewe wiki mbili wawe wameondoka. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu wakavuka Rusumo na vifurushi kichwani. Wapo waliokuwa wageni kweli. Lakini wapo pia walioacha nyuma wake Watanzania, watoto Watanzania, mashamba na mifugo, na wapo waliolia kwamba wao ni raia na hakuna aliyewasikiliza.

Sasa tuulizane. Nani aliyeamua kwamba huyu ni raia na yule si raia? Je, alikuwa hakimu? Je, mtu alipewa nafasi ya kuleta mashahidi? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote ana haki ya kusikilizwa kikamilifu, na ana haki ya kukata rufaa. Kwa wiki mbili mtu asikilizwe na nani?

Tusijifanye hatuijui historia ya kwetu. Mpaka uliwakuta watu wapo. Bugufi ilihesabiwa chini ya mwami wa Urundi kabla ya wazungu kugawana nchi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaibakiza Tanganyika. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Bibi kizee wa Kabanga akifungua kinywa, askari aliyetoka mkoa wa mbali anasikia "mgeni." Kwa hiyo kule kwetu uraia wa mtu unapimwa kwa lafudhi, urefu wa pua na bei ya soda!

Wala usidhani ni sisi makabwela tu. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mchapishaji wa magazeti aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya. Mwingine alikuwa Anatoli Amani, mwenyekiti wa CCM wa mkoa wa Kagera! Mwenyekiti wa chama tawala mkoa mzima anaambiwa si raia. Wewe wa Murusagamba au Nyakahura ni nani hata upone?

Oktoba mwaka huohuo wa 2013 ikaja Operesheni Tokomeza ya kusaka majangili. Maovu yakazidi mpaka Bunge lenyewe likapiga kelele, operesheni ikasimamishwa, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza viti vyao, akiwemo Balozi Kagasheki, mbunge wa Bukoba Mjini. Watu wakashangilia vijiweni. Haya, waziri kaondoka. Je, ng'ombe wa mtu aliyeonewa wamerudi? Waziri akifukuzwa, hasara yako inabaki palepale. Bunge linaweza kumwaibisha mkubwa, lakini amri ya kukulipa wewe, kwa jina lako, inatoka kwa hakimu au jaji. Na hakimu hatoki na faili lake kwenda kumtafuta mtu vijijini. Anangoja mwenye madai aje.

WIKI MBILI KWAKO, SIKU TISINI KWAO

Sasa tazama walivyoupigilia misumari mlango wenyewe.

Zamani, kwa sheria ya mwaka 1967 ya mashauri dhidi ya serikali, mwananchi hakuweza kuishitaki serikali mpaka serikali hiyohiyo impe idhini. Yaani mwizi aombwe ruhusa ya kushitakiwa! Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka, hadi Kukutia Ole Pumbun na mwenzake, watu wa kawaida kabisa, walipokataa. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ikasema sharti hilo linavunja Katiba. Likafa.

Serikali ikafanya nini? Mwaka 1994 ikaleta Bungeni sharti jipya: kabla ya kuishitaki serikali, uipe notisi ya siku zisizopungua 90. Hebu pima mwenyewe. Mkulima anapewa wiki mbili kufunga virago vya maisha yake yote. Serikali, yenye mawakili, magari na makarani, inajipa siku 90 za kusoma barua moja!

Hawakutosheka. Kwa Sheria namba 1 ya mwaka 2020 siku hizo 90 zikapelekwa mpaka kwenye serikali za mitaa, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Maana yake ni hii: mtu wa Keza au Rulenge anayedai halmashauri imemchukulia shamba hawezi tena kwenda mahakama iliyo karibu naye. Anapanda basi, anapita Lusahunga, anapita Biharamulo mjini na Muleba, mpaka Bukoba. Nauli, chakula, mahali pa kulala. Kesi ikiahirishwa, anarudi na kuanza upya. Halafu wakubwa wanasema wananchi hawapendi kufuata sheria!

Mlango mwingine walioufunga uko Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale, kwenye ardhi yetu wenyewe. Machi 2018 iliamua kesi ya Anudo Ochieng Anudo, mtu aliyenyang'anywa pasi ya kusafiria na mwaka 2014 akatupwa upande wa Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki anaishi katikati ya mpaka. Mahakama ikasema: mtu mliyemtambua miaka yote kuwa raia, mkidai leo si raia, ni kazi yenu kuthibitisha, si yake. Novemba 2019 ikaamua kesi ya Robert John Penessis, aliyekuwa akishikiliwa gerezani kwa kuitwa mhamiaji haramu. Ikasema Tanzania imevunja haki yake ya uraia na haki yake ya uhuru.

Na mwezi huohuo wa Novemba 2019, serikali yetu ikaondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 kujiondoa huko kukaanza kufanya kazi. Mtu akifunga mlango kwa haraka namna hiyo, jiulize alikuwa anamwogopa nani anayekuja.

WALIOTUTANGULIA HAWAKUWA MATAJIRI

Nasikia jamaa wa kijiweni ananijibu: "Bwana mkubwa, serikali haishindwi. Mwenye nguvu mpishe." Maneno hayo ndiyo mtaji wa watawala. Waliompisha mwenye nguvu hatuwajui hata majina. Waliokataa kumpisha tunawajua.

Jirani zetu Muleba, Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Ndugu wa ukoo akamshitaki: mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampiga chini. Mama yule hakurudi nyumbani kulia. Akakata rufaa. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume katika ardhi hiyo. Leo hukumu hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria nchi za mbali, nayo imetoka kwenye migomba ya Kagera!

Kagera hiyohiyo, jimbo la Nkenge, Julius Ndyanabo aligombea ubunge mwaka 2000 na akataka kupinga matokeo. Akaambiwa weka kwanza shilingi milioni 5 kama dhamana, ndipo usikilizwe. Milioni tano za wakati ule! Badala ya kuuza nyumba au kunyamaza, akaishitaki sheria yenyewe. Mahakama Kuu ikamkatalia. Akaenda Rufani, na Februari 2002 Jaji Mkuu Samatta na wenzake wakaifuta sheria hiyo: haki ya kusikilizwa haiwezi kuwa ya wenye mamilioni peke yao.

Na wale wakulima wawili wa kijiji cha Kambi ya Simba, mkoa wa Arusha, baba na mwana, Lohay Akonaay na Joseph Lohay? Walikuwa wanadai ardhi yao iliyochukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji. Bunge la chama kimoja likapitisha sheria mwaka 1992 ya kuzifuta haki za kimila za watu kama hao na kuzizima kesi zao. Wakapambana na sheria hiyo. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiongoza, ikatamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haichukuliwi bila fidia ya haki. Mkulima wa Kabindi au Ntobeye asiye na hati hata moja leo ana cha kusimamia kwa sababu baba na mwana wale hawakumpisha mwenye nguvu.

"LAKINI WAKISHINDWA WANABADILI SHERIA!"

Kweli. Tena hili lisifichwe. Mchungaji Mtikila alifungua kesi mwaka 1993, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akakubali mgombea binafsi, akafuta na sharti la kuomba kibali cha mkutano wa hadhara. Serikali ikakimbia Bungeni kubadili Katiba ili mgombea binafsi asiwepo. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Rufani mwaka 2010, akaenda Arusha, na Juni 2013 akaishinda serikali. Akafariki Oktoba 2015 kabla haijatekelezwa.

Je, alipoteza wakati? Hapana! Kabla ya kesi, serikali ilituzuia bila hata kutoa sababu. Baada ya kesi ikalazimika kusimama hadharani na kuibadili Katiba mchana kweupe, dunia inaona. Kibali cha mkutano kikafa. Walipokuja kupiga marufuku mikutano ya hadhara mwaka 2016, hadi Januari 2023, kila mtu alijua wanaifanya kinyume cha kilichokwishaamuliwa. Kesi inayoshinda inakupa haki. Kesi inayoshindwa inaacha kumbukumbu: imeandikwa, ina muhuri, ina jina la aliyefanya na alilojitetea nalo. Ukimya hauachi kitu.

NA SISI WAPINZANI TUJITAZAME

Hapa tusionee haya. Vyama vyetu vya upinzani vimefungua kesi nyingi, lakini hesabu ni za namna gani? Matokeo ya ubunge, uongozi wa chama, ruzuku. Mgombea akiibiwa kura, mawakili watatu wanapanda ndege. Mkulima wa Biharamulo akiswagiwa ng'ombe, anapewa pole na kadi ya chama. Chama kinachotaka kura za Ngara kipeleke wakili Ngara, si wakati wa uchaguzi tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na sisi tusiwe wa kwanza kumnyonga.

Na wananchi nao waache kuupoteza ujasiri wao kwa ndugu. Watu wetu wanaogopa kuishitaki halmashauri, lakini wanauza mbuzi na debe la kahawa kushitakiana kaka na mdogo wake kwa mpaka wa hatua mbili. Mambo hayo yana wazee, yana baraza la kijiji, na baraza la kata ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Nguvu ya mahakama tuibakize kwa yule ambaye wazee hawamwezi.

KAZI YENU, VIJANA

Kwa nini nawaandikia ninyi mlioko Kariakoo, Mabibo, Mwanza na Arusha, na si wazee kule nyumbani? Kwa sababu ninyi ndio mnaosoma. Ninyi ndio mna simu za kupiga picha barua kabla haijapotea. Ninyi ndio mnapita kila siku mbele ya ofisi za mawakili na za msaada wa kisheria mkidhani haziwahusu. Na ardhi mnayoringia vijiweni kwamba "kwetu tuna shamba" ndiyo inayotakiwa. Chini ya Kabanga kuna nikeli, mkataba ulisainiwa Januari 2021. Mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yalifanywa hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Mpaka ukisogea siku moja, wewe uliye mjini utasimuliwa kwa simu.

Basi jueni haya. Kwanza, kesi haianzi mahakamani, inaanza kabatini. Cheti cha kuzaliwa cha mama, kadi ya kliniki, stakabadhi ya kodi ya kichwa ya babu, barua ya kijiji, muhtasari wa mkutano, risiti ya mchango wa shule: hizo ndizo risasi. Ukienda nyumbani Krismasi, mbali na kupeleka kanga na sukari, kaa na wazee uandike: nani alilima hapa, tangu lini, anapakana na nani, nani shahidi. Wazee wanakufa na ushahidi wao.

Pili, siku hazikungoji. Madai ya ardhi yana miaka 12, ya mkataba miaka 6, ya kuumizwa au kuharibiwa mali miaka 3, na yapo yasiyozidi mwaka mmoja. Ukikaa unanung'unika mpaka muda uishe, jaji hata akikuamini hana la kufanya.

Tatu, notisi ya siku 90 ni karatasi. Iandike mapema, ipeleke kwa unayemlalamikia na nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na usiondoke bila kugongewa muhuri wa kupokelewa. Wengi wamefukuzwa mahakamani si kwa kukosa haki, bali kwa kukosa karatasi hiyo.

Nne, umaskini si kufuli. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na sheria ina njia ya asiye na uwezo kuomba asamehewe ada. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Karne nzima mtu wetu alipewa hukumu kwa Kiingereza akaenda kuisomewa na mwalimu. Sasa adai hukumu yake kwa lugha anayoijua. Wala asidanganywe kwamba msaada ni hisani ya mkubwa yeyote ambaye jina lake limeandikwa kwenye fulana. Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi. Haikusema kila mwenye kadi ya CCM.

Tano, msiende mmoja mmoja. Mtu mmoja anatishwa usiku mmoja. Kaya arobaini zilizosaini pamoja na kuchangia nauli ya watatu kwenda Bukoba, hizo zinaogopwa.

Sidanganyi mtu. Atakayefungua kesi ataitwa mchochezi. Mtendaji atamnunia. Kesi itapigwa kalenda. Huenda akaulizwa tena, mbele ya watu, "Wewe kwenu wapi?" Ajibu hivi: kwetu ni hapa, na ndiyo maana nimekuja mahakama ya hapa. Mgeni hukimbia usiku, mwenyeji hudai.

Siku ambayo karani wa Bukoba atakuwa na orodha ndefu ya "Wananchi wa Ngara dhidi ya...", "Wananchi wa Biharamulo dhidi ya...", mkubwa wa wilaya atafikiri mara mbili kabla ya kutia saini amri ya kuswaga ng'ombe wa mtu. Hatakuwa ametupenda. Atakuwa amejua kwamba saini yake itasomwa kortini.

Kizimbani tumesimama vya kutosha. Twendeni dirisha la pili, tukafungue faili!